Repetitere wa Bukavu kwenye kioo cha simu

Mzazi wa Bukavu haelezwi repetitere ni nani. Ni yule kijana anayebisha hodi saa kumi jioni, kalamu sikioni, anaketi na mtoto mezani na kurudia hesabu ambazo mwalimu wa asubuhi alizipitia mbiombio kwa kuwa darasa lilimzidi. Kazi hiyo ilizaliwa na shida. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Zaire, Kongo ya leo, ilishindwa kuwalipa walimu, wazazi wakaibeba mishahara kwa jina la prime. Elimu ya msingi ikatangazwa kuwa ya bure Septemba 2019, lakini walimu walio nje ya orodha ya malipo, wale wanaoitwa NU, hawakutoweka. Mwalimu wa namna hiyo hula kwa masomo ya jioni.

Sasa toka Bukavu, shika njia ya Mwenga, na baada ya kilomita arobaini hivi uko Walungu, nchi ya Ngweshe. Shule si jambo geni huku: Mapadri Weupe walifungua misheni ya Nyangezi mwaka 1906, na shule ya Weza ya Wamaristi inajulikana Kivu nzima. Hata hivyo, repetitere wa fizikia au kemia huhamia mjini, kwenye wazazi wenye kulipa. Mtoto wa Burhale, hukohuko Walungu, anayejiandaa kwa Egzame ya Serikali, ule mtihani wa mwisho wa sekondari ulioanzishwa mwaka 1967, hubaki na daftari lake tu.

Dawa ya umbali wa namna hii ilijaribiwa zamani sana, tena mbali na hapa. Tarehe 8 Juni 1951, mjini Alice Springs, Australia, ilianza shule ya hewani kwa watoto wa mashamba ya ng'ombe yaliyotengana kwa mamia ya kilomita. Jambo kubwa pale halikuwa sauti ya mwalimu. Mtoto naye alikuwa na redio ya upepo, akibonyeza anauliza. Misheni za Kivu zilikuwa na chombo cha aina hiyohiyo, foni, lakini kilikuwa cha kuagiza dawa na kuulizia ndege.

Kivu ilipata redio ya kusikiliza tu. Radio Maendeleo ilianza Bukavu mwaka 1993, Radio Okapi ikafuata Februari 2002. Shule zote za nchi zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, Okapi ilirusha masomo kwa jina la Okapi École, na kampuni ya Vodacom ikaleta VodaEduc kwenye simu. Zilisaidia, sikatai. Lakini mtoto aliyekwama kwenye hesabu za sehemu anamwambia nini spika? Somo linaendelea, yeye amebaki mstari wa pili. Madarasa ya mwisho yalirudi shuleni tarehe 10 Agosti, na wengine Oktoba.

Afrika Mashariki ilishawahi kujaribu somo lenye uso. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University, na Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi, kikawa miongoni mwa vya kwanza kupokea mihadhara kwa setilaiti. Profesa alionekana kwenye runinga akifundisha kutoka ng'ambo. Mwanafunzi mwenye swali alipiga simu, au alituma faksi. Picha ilikuja upande mmoja, sauti ikarudi kwa njia nyingine, na gharama ya setilaiti ilikuwa ya kutisha. Ulikuwa mpango wa mabwana wakubwa. Repetitere hakuwa na nafasi ndani yake.

Aliyempa nafasi ni soko. Jukwaa la masomo ya mtandaoni Tutor.com liliundwa Marekani mwaka 1998, Skype ikaja 2003, na mwaka 2005 K. Ganesh akafungua TutorVista mjini Bangalore, India. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: mwalimu wa India afundishe mtoto wa Marekani kwa dola 100 kwa mwezi, masomo bila kikomo. Mtoto alipata nafuu, mwalimu alipata zaidi ya mshahara wa shule ya jirani. Tangu hapo majukwaa haya yameelekea huko: maarifa yanatoka penye dola chache na kwenda penye dola nyingi.

Ndiyo maana watu wa Kongo waliingia kwenye kioo cha masomo ya mtandaoni kama walimu kabla ya kuingia kama wanafunzi. NaTakallam, iliyoanzishwa mwaka 2015 na Aline Sara na mwenzake, ilianza na wakimbizi wa Syria waliofundisha Kiarabu kwa video. Baadaye ikapokea wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, wakifundisha Kifaransa. Kifaransa kilekile tulichokipata kwa viboko vya shule ya misheni leo kinamlipia mtu kodi ya nyumba ugenini. Mwanafunzi wake yuko London au New York, wala hajui Ngweshe iko upande gani.

Kwa mtoto wa Walungu hesabu inageuka. Saa moja ya video inaweza kula nusu gigabaiti au zaidi, na mega zinanunuliwa kabla ya chumvi au baada ya chumvi, kutegemea nyumba. Umeme ni kisa kingine. Mto Ruzizi unapita ukingoni mwa teritwari hii, na mtambo wa Ruzizi I unazalisha tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini vilima vingi havijafikiwa na waya. Simu hupelekwa kwenye kibanda cha sola, inalipiwa chaji.

Kinachofanya kazi ni WhatsApp, na hasa ujumbe wa sauti, uliopatikana tangu 2013. Mwanafunzi husogea mlangoni penye mwanga, analaza daftari juu ya goti, anapiga picha ya ukurasa: mlinganyo wa daraja la pili, alama ya kutoa imesahauliwa katikati. Repetitere aliye Bukavu anazungushia kosa duara jekundu kwa kidole, anarudisha picha, na chini yake anaweka dakika mbili za sauti, Kifaransa cha kitabu kikichanganywa na Kiswahili na Mashi, lugha ya huku, panapokuwa pagumu. Mwanafunzi anaisikiliza mara nne bila kumchosha mtu. Video wanaiacha kwa siku ya jiometri, tena kwa dakika chache, kamera ikielekezwa kwenye karatasi wala si usoni.

Malipo yanapita M-Pesa au Airtel Money. Benki za Bukavu zilipofungwa baada ya waasi wa M23 kuingia mjini Februari 2025, njia hiyo ilizidi kuwa muhimu. Repetitere wengi hukubali kulipwa nusu kabla na nusu matokeo yakitoka. Mega ni juu ya mwanafunzi.