Moto wa jioni

Wazee wa Kinyanga, hapa kwetu Walikale, walikuwa na lusu, yaani barza ya wanaume. Jioni moto uliwashwa, kila mtu akaeleza siku yake: mtego mtupu, ugomvi na shemeji, mtoto mwenye homa. Uchungu ulisemwa mbele ya kulala. (Wamama walikuwa na moto wao jikoni, na nafikiri kule walisema mengi zaidi.)

Kisha, karibu mwaka 2002, kasiteriti ikaonekana Bisie. Vijana walitoka kila upande, wakabeba mizigo ya kilo 50 porini mpaka Njingala. Usiku pombe ilikuwepo, muziki ulikuwepo. Lakini mtu aliyeponea shimoni, nani alimuuliza: "Ndugu, leo umeshindaje?" Afazali wale waliokula fufu katika sufuria moja.