Barua Kutoka Porini Msalala, Septemba 1861

Jumatatu ya tarehe 16 Septemba 1861, afisa mmoja wa jeshi, mtu wa miaka 34, alikaa porini karibu na ikulu ya Mtemi Myonga wa Msalala akamwandikia barua mwenzake aliyekuwa ametangulia mbele. Asubuhi ile ile msafara wake ulikuwa umevamiwa njiani. Mizigo ilikuwa imechukuliwa, wapagazi wametawanyika kila upande, na yeye mwenyewe hakujua angelala wapi usiku ule. Barua si ndefu. Imeandikwa na mtu aliyezoea kutoa taarifa za vita: inaanza na tukio, halafu watu, halafu mali iliyobaki.

Jina la afisa huyo ni James Augustus Grant. Alizaliwa Nairn, Scotland, mwaka 1827, akaingia jeshi la Waingereza huko Bengal mwaka 1846, na mwaka 1857 akajeruhiwa mkono katika mapigano ya Lucknow, wakati wa maasi makubwa ya India. Aliyeandikiwa ni Kapteni John Hanning Speke, afisa wa jeshi hilo hilo, ambaye mwaka 1858 alikuwa ameshapita katika nchi yetu kutoka Tabora hadi Mwanza, kupitia Salawe, na kuliona Ziwa Victoria tarehe 3 Agosti. Safari hii ya pili ilikuwa ya kwenda kuthibitisha kwamba mto Nile unaanzia kwenye ziwa hilo.

Mtu wa Kishapu, mkoani Shinyanga, akiisoma barua ya Grant leo hahitaji ramani. Salawe iko Shinyanga Vijijini. Jina la Msalala linabebwa na halmashauri ndani ya Wilaya ya Kahama, kwenye ukanda wa dhahabu wa Bulyanhulu. Grant alipita juu ya dhahabu hiyo bila habari nayo. Mali iliyogombaniwa siku zile ilikuwa kwenye mizigo ya vichwani, yaani nguo, shanga na waya.

Speke na Grant hawakuja kupigana. Hata hivyo nchi waliyoingia ilikuwa vitani, na bila vita hiyo tukio la Msalala halieleweki. Unyanyembe, yaani Tabora na vitongoji vyake, ilikuwa imempoteza Mtemi Fundikira, na Manwa Sera akakalia kiti chake. Mtemi mpya alitaka wafanyabiashara Waarabu walipe ushuru wa bidhaa. Wao walikuwa wameshazoea kukaa Kaze, kama Tabora ilivyoitwa wakati ule, bila kulipa kitu cha maana. Ugomvi ukawa vita. Waarabu wakamwondoa Manwa Sera kwa bunduki na kumweka Mkasiwa, mtu aliyewasikiliza. Manwa Sera akaingia porini na watu wake, akawa anahama kutoka eneo moja hadi jingine na kuzifunga njia za misafara.

Mapema mwaka 1861, kwenye nyika kati ya Ugogo na Unyamwezi, Manwa Sera alimfuata Speke mwenyewe na kumweleza kisa chake. Speke akaahidi kwamba akifika Kaze atawapatanisha. Naona hapo palikuwa na nafasi ya kweli ya amani, kwa sababu pande zote mbili zilikuwa zimechoka na biashara ilikuwa imekwama. Upatanisho haukufanikiwa. Mwaka huo huo Snay bin Amir, mfanyabiashara mkubwa wa Kaze aliyemkaribisha Speke na Burton, mwenzake wa safari ya kwanza, kwa ukarimu mwaka 1857, aliuawa katika vita hiyo.

Vita iliwafikia wageni hawa kwa njia ya wapagazi. Mnyamwezi alikuwa mpagazi hodari kuliko wote kwenye njia ya kati, lakini nani angeacha mke na ng'ombe nyumbani wakati ruga-ruga, wapiganaji wa vita zile, wanazunguka, kwenda kubeba mzigo wa mtu asiyemjua? Speke alitafuta watu kwa miezi, akapata wachache. Kaskazini zaidi kulikuwa na hofu nyingine, ya Watuta, Wangoni waliokuwa wakivamia vijiji vya Usumbwa na Uzinza. Kila mpagazi aliyefika kwenye mpaka wa habari hizo aliweka mzigo chini na kurudi.

Basi msafara ukakatwa vipande. Speke alitangulia na mizigo michache. Grant alibaki nyuma Ukuni, kwa Mtemi Ukulima, mzee aliyependa pombe yake, tangu mwishoni mwa Mei hadi Septemba. Homa zilimshika mara kwa mara. Katika miezi hiyo alifanya kazi ninayoithamini kuliko sehemu nyingine zote za safari yake: alikaa mahali pamoja na kutazama. Aliandika jinsi mavuno yanavyopurwa, jinsi watu wanavyocheza ngoma, mimea gani inaota wapi. Alichora kwa rangi za maji. Waliopita haraka walirudi na orodha za vituo na hongo; Grant alirudi na watu wakiwa kazini.

Huko mbele hali ya Speke ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa Bogwe, Uzinza, kwa mtemi aitwaye Lumeresi, kifua kikimuuma na kikohozi hakimwachi kulala. Lumeresi alitaka hongo ya deole, kitambaa cha hariri cha thamani kubwa. Speke alikuwa nazo, amezificha kwa ajili ya Mfalme Rumanika wa Karagwe, akasema hana. Hakuaminiwa, na mwishoni akatoa. Katika hali hiyo ndipo alipopokea barua ya Grant.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Myonga alikuwa na sifa kwenye njia nzima: mtemi mkali wa hongo, asiyeachia msafara upite hivi hivi. Alituma ujumbe kwamba mgeni apite kwake. Grant alikuwa na haraka ya kumfikia mwenzake mgonjwa, akashika njia yake. Asubuhi, wapagazi wakiwa kwenye mstari mrefu mmoja nyuma ya mwingine, kundi kubwa la watu wenye mikuki na pinde likatokea na kuwavamia. Grant anasimulia jinsi alivyopiga kelele akiwataka watu wake wenye bunduki wasimame, na jinsi karibu wote walivyokimbia. Kwa muda mfupi njia ilikuwa tupu, mizigo imetoweka.

Mmoja wa wachache waliosimama jina lake Rahan, na Grant anamtaja kwa heshima ambayo hampi mtu mwingine yeyote katika barua ile. Alikuwa ameshika bunduki, tayari kufyatua, akilinda mizigo miwili mbele ya watu watano. Alipohimizwa akimbie aokoe roho yake, alijibu kwamba mali ile ndiyo roho yake.

Rahan alikuwa baharia wa zamani. Kabla ya safari hii alikuwa ametumikia kwenye manowari ya Waingereza wakati wa kutekwa kwa Rangoon, huko Burma. Mwenzake Baraka alikuwepo kwenye vita vya Multan. Wao, pamoja na mwenzao mwingine wa msafara, Sidi Mubarak Bombay, walizungumza Kihindustani na maafisa hawa wawili, na ndiyo sababu waliajiriwa. Ni historia nzito iliyokusanyika kwenye njia moja ya vumbi ya Msalala: Mwafrika aliyepitia vita ya Asia, akimtumikia Mskoti aliyejeruhiwa India, wakiwa wameingia katikati ya vita ya Wanyamwezi na Waarabu juu ya ushuru. Speke anamtaja Rahan kama mtu mdogo wa umbo na mwepesi wa hasira. Zaidi ya hapo hakuna aliyejali kuandika.

Grant alikusanya watu waliobaki akaelekea ikulu. Aliwakuta watu wa Myonga wamevaa nguo za watu wake. Mtemi akamjulisha kwamba ni makosa ya raia zake, hakuwatuma yeye, na kwamba mkosaji mmoja ameadhibiwa. Sehemu ya mizigo ikarudishwa, mingine ikiwa imeshafunguliwa na kupekuliwa. Kisha, baada ya pole hizo, mtemi akadai hongo yake. Grant hakuwa na la kufanya. Alilipa, akaondoka, akamfikia Speke kabla ya Septemba kwisha.

Ni rahisi kukisoma kisa hiki kama Grant alivyokiandika: unyang'anyi wa mchana kweupe, halafu maneno ya uongo, halafu hongo juu yake. Na kwa wapagazi waliotupwa porini bila ujira wala chakula, ndivyo ilivyokuwa. Mimi siwezi kumtetea Myonga mbele yao. Lakini barua ina upande mmoja tu, na upande wa pili haukuwa na wino. Hongo ilikuwa kodi ya njia. Msafara ulikunywa maji ya visima vya nchi, ulinunua nafaka, ulikata kuni, ulileta ugonjwa na ugomvi, na mtemi ndiye aliyewajibika kwa wageni wakiwa ndani ya mipaka yake. Desturi ilikuwa mgeni afike, atoe, ngoma ipigwe kutangaza kwamba njia iko wazi, ndipo aende. Mgeni aliyeitwa na mtemi akapita pembeni alikuwa amekataa mamlaka ya nchi mbele ya macho ya watu wote. Na huo ulikuwa mwaka ambao kila mtemi kati ya Tabora na ziwa alikuwa anaangalia yaliyompata Manwa Sera, mwenzao aliyedai ushuru kwa wageni na akaondolewa kwenye kiti. Mtemi aliyeonekana dhaifu mwaka 1861 hakujua kama angemaliza mwaka.

Kuna kundi la tatu ambalo barua inalipita haraka mno. Wapagazi wanatajwa kama watu waliokosa moyo. Watu hao walikuwa wenyeji wa nchi ile ile au ya jirani. Wengi hawakuwa na bunduki, mikono yao ilikuwa imeshikilia mizigo, na waliowavamia walikuwa watu ambao wangeendelea kuishi nao baada ya wageni kupita. Kusimama kupigana kwa ajili ya shanga za mzungu kungeleta kisasi kijijini mwaka wote. Kukimbia kulikuwa uamuzi wa watu wenye akili timamu. Rahan, aliyetoka pwani na mwenye miaka ya manowari nyuma yake, hakuwa na kijiji Msalala cha kuogopea.

Karatasi za safari hii zilipata bahati kubwa. Barua ya Septemba 16 ilichapishwa ndani ya kitabu cha Speke mwaka 1863, na mwaka uliofuata Grant akatoa chake, chenye kumbukumbu zake za Ukuni na Msalala. Mimea aliyokusanya ilielezwa kwenye majarida ya wataalamu wa mimea London. Swala aliyepatikana njiani mwaka 1860 anaitwa swala granti hadi leo, na watalii huonyeshwa swala huyo Serengeti. Madaftari na michoro yake imehifadhiwa Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Speke alifariki kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe tarehe 15 Septemba 1864. Grant aliishi hadi mwaka 1892.

Manwa Sera aliuawa mwaka 1865 akiwa bado anapigania kiti chake, bila kuacha hata mstari mmoja wa mkono wake. Tunamjua kupitia Speke, aliyemsikiliza nyikani, na kupitia masimulizi ya Unyanyembe. Lakini dai lake halikufa naye. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya Ujiji, akaudai msafara mmoja wa Waarabu baruti, bunduki na nguo, na baada ya kuvichukua akaamuru urudi ulikotoka. Waarabu wa Tabora walikwenda kumpiga mwezi Agosti wakiwa na Stanley, mwandishi wa habari, miongoni mwao. Walishinda siku ya kwanza, kisha wakaviziwa kwenye majani marefu walipokuwa wakirudi na mateka. Tarehe 22 Agosti Mirambo aliingia Tabora yenyewe, na Khamis bin Abdallah, aliyekuwa wa kwanza kuhimiza vita, akauawa baada ya watu wake kumwacha.

Kuna jambo moja ambalo Mirambo alilifahamu na waliomtangulia hawakulipatia nafasi. Aliweka waandishi. Alituma barua Zanzibar kwa John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza, akieleza mwenyewe nia yake kuhusu njia na biashara, na baadaye daktari Southon wa Misheni ya London alipokaa Urambo, naye aliandika kwa niaba yake. Juni 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa Pimbwe wakati watu wa Mirambo walipovamia kijiji walimokuwa. Mirambo alieleza kwamba hakujua kama wazungu wale walikuwa ndani, na kwamba vita yake ilikuwa na mwenye kijiji. Maelezo hayo yaliwekwa kwenye karatasi, yakabebwa na wajumbe hadi pwani, yakasomwa ubalozini. Kirk hakuridhika nayo, na urafiki kati ya Urambo na ubalozi ule ukaishia hapo.