Ukifika Lubumbashi, Ukule Wapi? Historia Ndogo ya Bukari

Mwenzetu mmoja wa Bukavu aliniandikia juzi: "Ndugu, nakuja Lubumbashi siku tatu. Nikule wapi?" Nilijua jibu alilotaka. Alitaka jina la restora yenye meza za vioo, ya kupigia picha. Ziko nyingi katikati ya mji, hatakosa. Lakini mimi nilimujibu: "Saa sita ya mchana, uende karibu na soko ya Kenya ao ya Katuba, utafute mama mwenye benchi mbili na mbabula inayotoa moshi. Ukaye pale." Akauliza: "Kwa malewa? Juu ya nini?"

Jibu la swali lake ni refu, njo maana naliandika hapa. Katika mji huu, mahali unapokula panaonyesha nani alibeba mzigo wa kulisha watu, na mzigo huo umebadilisha mikono mara nyingi.

Tuanze na mwaka 1910. Reli iliyotoka kusini, upande wa Rhodesia, ilifika hapa mwaka huo, na Wabelgiji wakaanzisha mji walioupa jina la malkia wao: Élisabethville. Kampani ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likaanza kuyeyusha shaba. Angalia mfuatano huo: kampani kwanza, reli, mji, tanuru. Mashamba hayamo. Mji ulizaliwa una njaa.

Watu wa nchi hii walikuwa wanakula zamani sana, tena vizuri. Walilima mtama na ulezi, upande wa Luapula walilima mihogo, walivua samaki, walichuma uyoga na viwavi vya porini. Mahindi pia yalikuwepo. Lakini kampani yenye maelfu ya wafanyakazi ilihitaji chakula kinachojazwa katika mifuko, kinachosafiri kwa vagoni bila kuoza, kinachopimwa kwa mizani. Bunga ya mahindi ilifaa kwa hayo yote. Treni iliyoleta mashini ilileta na bunga, na wakulima Wazungu wa Rhodesia ya Kaskazini, nchi tunayoiita leo Zambia, wakapata soko kubwa kwetu, kabla migodi ya Copperbelt ya kwao haijakua. Waliuza mahindi na ng'ombe, na mapato yao yalitegemea matumbo ya Katanga.

Kwa hiyo bukari yetu nyeupe, ile tunayoiita "chakula ya bankambo", kama chakula cha kila siku cha mji ni mtoto wa reli. Hata wafanyakazi wenyewe waliletwa kutoka mbali: kwanza wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, kisha katika miaka ya 1920 wakaongezeka watu wa Kasai, wa Lomami, wa Rwanda na Burundi. Kila mmoja alikuja na ulimi wake na chakula cha kwao, lakini kambini wote walipewa bunga ileile.

Wazee wetu waliita mgao ule "posho". Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampani ilibadilisha siasa yake: badala ya kuchukua wanaume kwa miezi michache na kuwarudisha vijijini, ikaanza kuwaweka kambini pamoja na wake na watoto. Posho ikawa ya familia: bunga, maharagi, mafuta, chumvi, nyama ao samaki. Ilionekana kama wema, na kweli watoto wengi walikua kwa chakula kile. Lakini mkono unaokupa kula ndio unaokushika shingo. Ukikosa kazi, umekosa mshahara, nyumba, na sufuria siku hiyohiyo.

Hayo yalionekana mwaka 1941. Vita vya dunia vilikuwa vimepandisha bei za vitu, shaba ilitakiwa kuliko mbele, lakini mishahara ilibaki nyuma. Mwezi wa Desemba wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Huku Élisabethville walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, na askari wakafyatua risasi. Makumi ya watu walikufa, pamoja na Léonard Mpoyi aliyesema kwa niaba yao. Shuleni tunafundishwa kwamba ilikuwa mambo ya mshahara. Ni kweli. Lakini mtu anapodai mshahara wakati bei zimepanda, anadai sahani ya watoto wake.

Sasa tuweke samaki pembeni ya bukari, juu bukari haishuki yenyewe. Barabara ya kwenda Kasenga, kwenye mto Luapula, ina historia yake. Tangu miaka ya kati ya vita viwili, wafanyabiashara Wagiriki walikaa Kasenga, wakanunua samaki wa Luapula na ziwa Mweru, wakawapakia katika barafu na kuwaleta kwa malori mpaka miji ya shaba. Mmoja wa samaki waliopendwa zaidi ni mpumbu, aliyepanda mto kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai wakati wa mvua. Walimvua wakati uleule wa kutaga, mwaka kwa mwaka. Kufika karibu mwaka 1950 makundi yale yalikuwa yamekwisha. Leo ukikuta kwenye sahani yako samaki ya baridi iliyotoka baharini, ile tunayoiita Thomson, kumbuka kwamba kabla yake kulikuwa mto uliolisha mji, na mji ukaumaliza.

Nyuma ya uhuru, Union Minière ikataifishwa, na kutoka hapo ikazaliwa Gécamines. Jina la kampani lilibadilika, lakini bunga iliendelea kutoka kwa mwajiri. Wazazi wengi wa Katuba na Kenya bado wanaongea juu ya mifuko ile kama watu wanaoongea juu ya ndugu aliyekufa. Halafu mambo yakavunjika. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ulibomoka. Mwaka 1991 uporaji ukapita katika miji mikubwa ya Zaire. Shaba ya Gécamines, iliyofika karibu tani 470,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilishuka chini ya tani 50,000 kabla miaka kumi haijaisha. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa "départs volontaires", wengi wao wakiwa wamekaa miezi na miezi bila mshahara.

Ni nani basi aliyelisha mji katika miaka ile? Serikali hapana. Kampani hapana. Ni bamama. Walitoka na sufuria zao nyumbani, wakaziweka kando ya barabara, kwenye parking, nyuma ya soko, mbele ya shule. Neno malewa ni la Kilingala, lakini jambo lenyewe kila mji wa Kongo unalijua: benchi, ndoo ya maji ya kunawa, bukari ya moto, sombe, maharagi, samaki. Kazi iliyokuwa ya kampani kubwa kuliko zote nchini ikagawanywa kwa wanawake maelfu, kila mmoja na mbabula yake.

Ninamjua mmoja wao vizuri. Wakati baba yangu alipopoteza kazi, mimi nilikuwa mtoto mdogo. Dada yake mkubwa wa mama, tunayemuita Mama Mukubwa, alikuwa tayari anauza bukari. Nilimaliza lisanse ya agronomia kwa sahani zile. Sisemi hivyo ili mnihurumie. Nasema juu ni hesabu: minervali ya kila mwaka niliiona ikitoka katika kopo lililofungwa ndani ya kitambaa, noti ndogondogo zenye harufu ya mafuta.

Yeye ndiye aliyenifundisha uchumi wa chakula kabla profesa hajaniuliza. Bei ya meka ya bunga ikipanda, hawezi kupandisha bei ya sahani, juu mteja wake, mubeba mizigo ao mwanafunzi, ana franka zilezile za jana. Anafanya nini? "Bukari inakonda," aliniambia akicheka. Donge linapungua kidogo, mboga inaongezwa maji kidogo. Nikamuuliza: "Na bateja habasemake kitu?" Akajibu: "Banasema. Lakini banajua hata miye ninakula ileile."

Na meka inapanda juu ya nini? Hapa historia inarudi ilipoanzia. Mpaka leo sehemu kubwa ya mahindi na bunga ya mji wetu inaingia kwa lori kutoka Zambia, kwa mpaka wa Kasumbalesa, upande uleule wa kusini ulioleta treni ya mwaka 1910. Zambia ikifunga uuzaji wa nje ili ilinde watu wake, sisi tunasikia siku ileile. Mwaka 2024 ukame uliipiga Zambia mpaka serikali yake ikautangaza kuwa janga la taifa, na sisi tulihesabu franka zetu mbele ya mama wa bunga. Hapa kwetu viongozi walijaribu: gavana Moïse Katumbi, aliyeongoza Katanga kuanzia 2007 mpaka 2015, alidai kila kampani ya madini ilime hektari 500. Wazo lilikuwa na akili, lakini ni kampani ileile tena iliyoombwa ishike mwiko.

Kama mtu wa agronomia, siwezi kumaliza bila kuongea juu ya mmea wenyewe. Tunauita muhindi, kama ulitoka India. Hapana. Ulitoka Mexico. Wakulima wa kule waliutengeneza kutoka kwa nyasi moja ya porini inayoitwa teosinte, karibu miaka 9,000 iliyopita. Wareno njo waliouvusha bahari mpaka Afrika, kuanzia karne ya 16. Pilipili yetu nayo asili yake ni kule, na neno tomati lilizaliwa katika lugha ya Kinahuatl ya nchi ileile. Hata leo kituo kikubwa cha dunia cha utafiti wa mahindi, CIMMYT, kiko Texcoco, karibu na mji wa Mexico.

Mmea ulisafiri, lakini ujuzi ulibaki nyuma. Watu wa Mexico hupika mahindi katika maji ya chokaa kabla ya kuyasaga. Chokaa ile inafungua vitamini ya niasini iliyofungwa ndani ya punje. Bila hiyo, mtu anayekula mahindi peke yake kwa muda mrefu anaweza kupata pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharibika, akili inachanganyikiwa. Sisi tulipokea mfuko bila maelezo ya kutumia. Kilichotuokoa ni kile kilicho pembeni ya bukari: maharagi, samaki, lengalenga, sombe. Mama wa malewa anayekuuliza "Unataka na mboga gani?" anafanya kazi ya daktari bila kujua. Tena mkulima wa Mexico hupanda mahindi, maharagi na maboga katika shamba moja. Nenda kijiji chochote kwenye barabara ya Kasenga wakati wa mvua, utakuta mama mwenye jembe anafanya vilevile, na hakusoma kwenye kitabu.

Basi tukubaliane. Nchi haikosi: mvua tunaipata kuanzia Novemba mpaka karibu Aprili, ardhi iko. Udongo wetu mwekundu una asidi na unahitaji chokaa, ndiyo, lakini chokaa pia iko Katanga. Kinachokosekana ni sisi. Tumeandikishwa kwa mia katika fakulte za agronomia, kisha wengi tunaandika barua za kuomba kazi kwa migodi. Nami niliziandika. Miaka zaidi ya 110 mji unachimba ili upate pesa ya kununua bunga ya jirani, na sisi wenye lisanse tumeingia katika mstari uleule wa posho, na shati ya kupigwa pasi.

Kwa hiyo, ndugu wa Bukavu, ukifika, fanya hivi. Asubuhi ununue mikate ya mafuta kwa mama wa kona. Mchana uende malewa, uchague yenye watu wengi, juu pale chakula hakilali. Omba bukari ya moto na sombe, ao na samaki kama mufuko unaruhusu. Unawe mikono, usiulize kijiko. Jioni kuna michopo ya mbuzi, itakufaa na pilipili.

Na kabla ya kulipa, umuulize mama: "Mama, hii bunga imetoka wapi?" Atakujibu "Zambia" bila hata kuinua kichwa. Mama Mukubwa anajibu vile kila siku. Msimu huu mimi na wenzangu wawili tumelima hektari mbili upande wa Kipushi. Ni kidogo sana, najua. Lakini mfuko wa kwanza nimekwisha kumuahidi yeye.