Kufuli Tatu, Maneno 12: Historia Fupi ya Kuficha Pesa Kibera

Wasee wa Silanga, Lindi, Laini Saba, na nyinyi wa Kawangware mnaosoma hii mkiwa kwa matatu, leo tuongee historia. Si ile ya shule ya kukariri tarehe za mikutano ya wazungu. Hii ni ya kitu ambacho kila nyumba mtaani inakijua: pesa inafichwa wapi, na mwizi anaifikia vipi.

Kwa nini sasa? Kwa sababu kuna vijana hapa Kibera wanaolipwa kwa Bitcoin. Tangu 2022, mradi unaoitwa AfriBit Africa, ambao Ronnie Mdawida ni mmoja wa waanzilishi wake, umekuwa ukifanya kazi Soweto West. Vijana wanaokusanya taka wanapata sehemu ya malipo yao kwa sarafu hiyo, na kuna mama mboga na watu wa bodaboda wanaoikubali. Kufikia 2025 ilisemekana watu kama 200 hapo Soweto West wanaitumia. Kwa tajiri wa New York hiyo ni chenji. Kwa kijana aliyeamka Jumapili kubeba takataka za watu, inaweza kuwa akiba yake yote.

Na hapo ndipo naona shida. Ushauri mwingi wa kulinda akaunti ya kripto umeandikiwa mtu mwenye nyumba ya mawe, kompyuta yake binafsi na sefu ukutani. Sisi tunaishi kwa chumba cha mabati cha futi 10 kwa 10, na mara nyingi simu moja inatumiwa na watu watatu. Tukitaka kujua tujilinde vipi, tuanze na yale ambayo mtaa umeshajifunza.

Enzi ya sanduku

Zamani pesa ilikaa chini ya godoro, ndani ya mkebe, au kwa leso ya shosho. Mabati hayazuii mtu mwenye mkasi wa bati na dakika tano. Kila mtu alijua hivyo, ndiyo maana watu wakaanza kuweka pesa kwa watu badala ya vitu. Hiyo ndiyo chama.

Kuna aina moja ya chama iliyoanza Niger mwaka 1991, kwa vikundi vya akina mama waliosaidiwa na shirika la CARE, kisha ikasambaa Afrika nzima mpaka kwetu. Pesa inakaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinashikwa na wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Siku ya mkutano wote wanakuja, linafunguliwa mbele ya watu, pesa inahesabiwa kwa sauti, linafungwa tena.

Sasa fikiria kidogo. Mkora anaweza kubeba sanduku zima akaenda nalo, kwa hivyo chuma peke yake hakitoshi. Nguvu ya mpango huu ni kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kufungua, na hakuna asiyejua kilichomo. Ukitaka kuiba bila kelele lazima uwalaghai watu watatu kwa pamoja. Weka hiyo kichwani, tutairudia.

Enzi ya laini

Tarehe 6 Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa. Haikupita mwaka, vurugu za baada ya uchaguzi zikalipuka, na Kibera ikawa mojawapo ya sehemu zilizoumia sana. Maduka yalifungwa na barabara zikazibwa, lakini watu waliokwama mtaani waliweza kutumiwa pesa na kredo kwa simu. Watu wengi waliona wakati huo kwamba pesa iliyo ndani ya laini haichomeki na nyumba.

Mwizi naye akasoma. Hakuhitaji tena mkasi wa bati. Alihitaji sauti tamu tu: "Hallo, napiga kutoka customer care, laini yako ina shida kidogo." Mlango haukuvunjwa, wewe mwenyewe ndiye uliyefungua. Baadaye ukaja ule mchezo wa kubadilisha laini: mkora anajifanya wewe, namba yako inahamishiwa kadi yake, na kuanzia hapo kila ujumbe unaokuja kwako unasomwa na yeye.

Lakini M-Pesa ilikuwa na kitu kimoja ambacho tunakisahau kwa sababu tumekizoea. Ukituma pesa kwa namba si yako, unatuma ule ujumbe kwa 456 na kuomba irudishwe. Haifaulu kila mara, lakini kuna mahali pa kulilia. Pini yako ni tarakimu 4 tu, ila nyuma yake kuna kampuni, kuna Benki Kuu, kuna polisi na korti.

Enzi ya maneno 12

Bitcoin ilianza kufanya kazi Januari 2009, na wazo lake lilikuwa kuondoa huyo wa katikati. Hakuna kampuni, kwa hivyo hakuna anayeweza kukufungia. Lakini pia hakuna 456.

Kenya tuliingia mapema. BitPesa ilianzishwa Nairobi mwaka 2013 ikitumia Bitcoin kupitisha pesa za kuvuka mipaka. Mwishoni mwa 2015 Safaricom ikaikatia huduma Lipisha, kampuni iliyokuwa ikiiunganisha BitPesa na M-Pesa, na mzozo ukafika Mahakama Kuu. Desemba hiyo hiyo Benki Kuu ikatoa onyo kwa umma: Bitcoin si pesa halali ya nchi, na jukwaa linaloshika sarafu zako likianguka, hakuna wa kukulinda.

Wengi walilichukulia onyo hilo kama wazee kuogopa teknolojia. Ila lilikuwa na mfano. Februari 2014, Mt. Gox ya Tokyo, ambayo ilikuwa soko kubwa kuliko yote la Bitcoin, ilifilisika baada ya Bitcoin kama 850,000 kupotea. Baadaye zilipatikana kama 200,000. Bitcoin yenyewe haikudukuliwa. Kilichodukuliwa ni mahali watu walipoiweka.

Ndiyo maana wapenzi wa kripto husema kama funguo si zako, sarafu si zako. Funguo zenyewe siku hizi huandikwa kama maneno 12 au 24, yakichaguliwa kutoka orodha ya maneno 2,048. Ukiwa nayo, unaweza kupoteza simu na bado ukarudisha kila kitu kwa simu nyingine. Mwingine akiwa nayo, kila kitu ni chake.

Hapa historia ya Kibera ina funzo. Wanubi, ambao mababu zao walikuwa askari wa King's African Rifles, waliishi hapa zaidi ya miaka 100 kabla ya kupewa hati ya jamii ya ekari 288 mwaka 2017. Miaka yote hiyo kila jirani alijua nyumba ni ya nani, shida ilikuwa karatasi. Kripto ni kinyume kabisa. Karatasi ndiyo kila kitu. Mtaa mzima unaweza kushuhudia kwamba pesa ni yako, na mtandao hautajali. Mwenye maneno ndiye mwenye mali.

Halafu ikaja 2023. Worldcoin ikapanga foleni, watu wakapigwa picha za macho pale KICC na kwingineko, wakapata sarafu za thamani ya kama shilingi 7,000. Serikali ikasimamisha zoezi mwanzoni mwa Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Korti iliongea kuhusu data, na ilikuwa sawa. Mimi naongeza hili: kwa vijana wengi hiyo ndiyo ilikuwa akaunti ya kwanza ya kripto maishani, na walitoka pale na sarafu kwa simu bila somo lolote la kuilinda.

Oktoba 2025 tukapata sheria ya watoa huduma wa mali pepe. Sasa makampuni yatahitaji leseni, na Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji zitayasimamia. Ni hatua nzuri. Inaweza kukusaidia kampuni ikikutapeli. Ukimpa mkora maneno yako kwa mkono wako, sheria inaweza kumtafuta, lakini haiwezi kubonyeza kitufe pesa irudi.

Mwizi wa leo anafanyaje

Wengi wanadhani mdukuzi ni mtu wa kofia anayevunja hesabu ngumu. Hapana. Anafanya kile cha customer care, ila kwa programu.

Mwaka 2019 kampuni ya usalama ya ESET iligundua ndani ya Google Play programu iliyojifanya MetaMask. Ilikuwa inavizia wakati unanakili anwani ya kutumia pesa, inaibadilisha na ya mwizi. Wewe unabandika, unatuma, unashukuru Mungu. Pesa imeenda kwa mwingine.

Mwaka 2025 Kaspersky wakafichua nyingine waliyoiita SparkCat. Hii ilikuwa ndani ya programu za kawaida, hata kwenye duka la Apple. Inaomba ruhusa ya kuona picha zako, kisha inazisoma picha hizo ikitafuta maneno ya siri. Kwa hivyo yule aliyepiga picha karatasi yake "isipotee" alikuwa amemwandikia mwizi barua.

Na ule mchezo wa laini haujaisha. Kama akaunti yako ya kripto inalindwa na ujumbe wa SMS, mwenye namba yako ana nusu ya njia.

Sasa tufanye nini sisi

Mimi sikuambii ununue kripto. Bei yake inapanda na kushuka vibaya, na mtu wa kula leo asiweke hapo pesa ya unga. Lakini kama unalipwa nayo, au umeshaingia, haya ndiyo ningetaka kila mtu wa mtaa ajue.

Maneno 12 yaandikwe kwa mkono. Yasipigwe picha, yasitumwe WhatsApp, yasiwekwe kwa barua pepe, yasichapishwe saiba. Na yasikae karatasi moja tu. Sisi tunajua moto. Tunajua pia Julai 2018, tingatinga zilipobomoa nyumba za maelfu ya watu hapa Kibera kupisha barabara. Karatasi moja ndani ya chumba kimoja cha mabati si ulinzi. Nakala ya pili ipeleke ocha, kwa mtu unayemwamini, ndani ya bahasha iliyofungwa, na umweleze asimpe mtu yeyote hata akisema ametumwa na wewe.

Pesa ya matumizi na ya akiba zikae mikoba tofauti. Kwa simu unayotembea nayo weka kile ambacho ukiporwa Toi utalia siku moja, si mwaka.

Weka pini tofauti kwa mkoba na kwa simu, hasa kama ndugu zako wanaitumia pia. Ukinunua simu ya mkono wa pili, ifute kabisa kabla ya kuweka chochote. Programu iliyotumwa kwa kundi la WhatsApp usiiweke, hata kama aliyetuma ni binamu yako. Na kabla ya kutuma, linganisha herufi za mwanzo na za mwisho za anwani, kisha jaribu na kiasi kidogo kwanza.

Linda laini. Kwa Safaricom, kuna *100*100# ya kuzuia namba yako isibadilishwe kadi ovyo, mpaka uende dukani kwao mwenyewe. Simu ya kweli kutoka kwao inatoka 0722 000 000. Kwa akaunti ya kripto, tumia programu ya kutoa namba za siri badala ya SMS inapowezekana.

Na hili la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Lile sanduku la kufuli tatu lipo pia kwenye Bitcoin. Tangu 2012 inawezekana kuunda mkoba unaohitaji funguo zaidi ya moja, kwa mfano mbili kati ya tatu. Simu moja ikiibiwa, mwizi hana kitu. Karatasi moja ikiungua, mbili zilizobaki zinafungua. Haufai kwa kununulia sukuma wiki, unafaa kwa akiba ya kikundi. Vijana wa taka wakiweka akiba ya pamoja, hakuna sababu iwe kwa simu ya mwenyekiti peke yake. Shosho zetu hawangekubali upuuzi huo na sanduku la chuma. Sisi tunakubalije na simu?

Wale wa mtandaoni wanasema kila mtu ashike funguo zake peke yake. Nawaheshimu, lakini hiyo ni nusu ya jibu. Huku mtu peke yake ndiye rahisi zaidi kuibiwa. Kilichotulinda tangu zamani ni watu watatu wanaojuana, kila mmoja na ufunguo wake.

Kwa Kikamba silanga ni bwawa, na Nairobi Dam iko pale chini ya mtaa. Ilijengwa 1953 kuweka maji ya akiba ya jiji. Hakuna aliyekuja usiku mmoja akaiba yale maji. Yalijaa uchafu na magugu kidogo kidogo, kila mtu akiona, kila mtu akidhani kuna mwingine anayeangalia. Akiba yetu tusiifanyie hivyo. Wikendi hii ukikutana na mbogi ya kazi, ulizeni swali moja tu: simu ya mweka hazina ikipotea leo, ni nani mwingine ana ufunguo?