Chembe ya Damu na Umbo la Mundu

Wasikilizaji, leo twataka kueleza habari za kitu kidogo mno, ambacho jicho tupu haliwezi kukiona, nacho ni chembe hai. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alikata ubamba wa kizibo akautazama kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo, akaona vijumba vingi vitupu vilivyopangana kama sega la nyuki. Tangu hapo wataalamu wamejua mengi zaidi.

Chembe hai ni mfano wa nyumba yenye watu. Nje ina utando, nao ndio bawabu: huruhusu chakula kuingia na taka kutoka. Ndani mna ute, na katika ute huo mna mitokondria, ambazo ni kama meko, huunguza chakula kwa oksijeni ili kupata nguvu. Na ribosomu, mafundi waundao protini. Mwenye nyumba ni kiini, ambacho Robert Brown alikipa jina mwaka 1831. Kiini ndicho kishikacho maagizo ya urithi wa baba na mama.

Lakini chembe nyekundu ya damu ni ya namna ya pekee. Ikisha komaa hukitupa kiini chake, ikabaki imejaa himoglobini, ichukuayo oksijeni toka mapafuni hata pande zote za mwili. Huishi siku 120 hivi. Umbo lake ni kama kisahani laini, ipate kupenya mishipa myembamba.

Nyumba hii isiyo na mwenyewe ndiyo aipendayo mdudu wa malaria. Mfaransa Laveran alimwona damuni huko Algeria mwaka 1880. Na mwaka 1897 tabibu Mdachi Robert Koch alifika Dar es Salaam akaichunguza homa hiyo.

Kisha, mwaka 1954, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitangaza jambo la ajabu. Wako watu waliorithi himoglobini ambayo, ikipungukiwa na oksijeni, huikunja chembe iwe kama mundu. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali. Aliyeirithi kwa wazazi wawili hupata ugonjwa wa selimundu: chembe hukwama mishipani, mifupa huuma, na damu hupungua. Basi ngao ya mzazi yaweza kuwa mkuki kwa mwana.

Mwaka 2004 Hospitali ya Muhimbili ilianza kuwaandikisha wagonjwa hao na kufuata hali zao. Mwaka huohuo ulianza mpango wa kupambana na mbu katika kata 15 za Ilala, Kinondoni na Temeke.

Kwa hiyo mtoto aliaye usiku kwa maumivu ya mifupa, huko Temeke au kwingineko, asidhaniwe amerogwa, wala mama yake asilaumiwe peke yake, maana urithi huu hutoka kwa wote wawili. Mume na mke wakiwa nao kila mmoja kwa upande mmoja, katika kila mimba yapo matazamio 1 kwa 4 ya mtoto kuugua. Yafaa wachumba wapimwe damu, na mtoto apelekwe hospitali mapema. Mficha maradhi, kifo humuumbua.