Tu quoque
Tu quoque (Kilatini kwa "wewe pia") ni hoja ambayo mtu anayelaumiwa hajibu lawama, bali anaonyesha kwamba upande wa pili una kosa hilohilo au kubwa zaidi. Katika mantiki huhesabiwa kuwa hoja potofu, kwa sababu kosa la mmoja halifuti la mwingine.

Hoja hiyo hustawi penye vyama viwili vikubwa, kama Marekani, ambako kila lawama ina mtu mmoja tu wa kurudishiwa. Katika mdahalo wa urais wa tarehe 9 Oktoba 2016 mjini St. Louis, Donald Trump (Republican) aliulizwa juu ya mkanda wa mwaka 2005 ambamo alisikika akijisifu kuwashika wanawake bila ridhaa. Aliomba radhi kwa kifupi, akahamia vita dhidi ya Dola la Kiislamu, kisha akadai kwamba yake yalikuwa maneno tu, ilhali Bill Clinton alitenda. Ila aliyesimama kugombea alikuwa mke wake. Hillary Clinton (Democratic) naye, alipoulizwa juu ya hotuba zake zilizovuja, alijilinganisha na Abraham Lincoln, halafu akageukia udukuzi wa Urusi.

Si kila mlinganisho ni ukwepaji. Mpiga kura mwenye wagombea wawili hana budi kuwapima pamoja. Kasoro huanza mlinganisho unapochukua nafasi ya jibu.