Mwili wa Lucy, Ulimi wa Mama Kayai

Wanawake wawili wamesimama mbele ya mkanda wa kiwandani. Chokoleti zinapita moja moja, nao wanazifunga kwa karatasi. Msimamizi ameshawaonya: ikipita hata moja bila kufungwa, kazi hawana. Mkanda unaongeza kasi. Lucy anatupia moja mdomoni, halafu ya pili, anajaza kofia, anazitumbukiza kifuani mwa blauzi. Kipindi hicho cha I Love Lucy kilirushwa Marekani mwezi Septemba 1952, na hata leo asiyejua neno moja la Kiingereza atacheka. Waume zao wako nyumbani siku hiyohiyo wanapika, na wali umefurika hadi sakafuni.

Mama Kayai wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi hakuhitaji mkanda wala chokoleti. Mume alimtosha. Mary Khavere, aliyeucheza uhusika huo katika televisheni ya taifa ya Kenya tangu enzi za Sauti ya Kenya, kabla haijaitwa KBC mwaka 1989, alifunga kitambaa chake kichwani, akamwacha Mzee Ojwang Hatari aongee mpaka ajikwae kwa ulimi wake mwenyewe. Hapo ndipo alipomjibu. Kicheko kilikuwa katika jibu.

Hiyo ndiyo tofauti inayonivutia kuliko zote. Lucille Ball, aliyemwigiza Lucy na aliyezaliwa Jamestown, jimbo la New York, mwaka 1911, alirithi sanaa ya filamu bubu, ambamo mwili ndio usemao. Buster Keaton, nyota wa filamu hizo, mwenyewe alimfundisha jinsi ya kuvichezea vifaa jukwaani, na kazi ile ilikuwa zaidi ya wanaume: kuanguka, kupakwa uchafu, kuharibu sura. Alichofanya Lucy ni kuiingiza jikoni na kuivalisha gauni. Kwetu hapakuwa na haja hiyo. Mwanamke wa Kiswahili alikuwa na ulimi tangu zamani: vijembe, mipasho ya taarabu, maneno ya kwenye kanga, mizaha ya makungwi ambayo mwanamume hakuruhusiwa kuisikia. Mama Kayai si Mswahili wa pwani, lakini runinga ilimpa kile ambacho wanawake wa pwani walikinong'ona uani: ruhusa ya kumkata mume kauli sebuleni, mbele ya baba, watoto na wageni.

Nadhani ndiyo sababu mwelekeo wa visa vyao unapishana. Lucy anataka kutoka nyumbani. Anataka kuimba katika klabu ya mumewe Ricky, anataka kazi, anataka jina, na kila mara mwisho wa kipindi anarudishwa jikoni akiwa amelowa au amepakwa unga. Mama Kayai hatoki kwenda popote. Nyumba ni yake, na anayehangaika ni mzee. Wahakiki wa Marekani hubishana iwapo Lucy alikuwa mkombozi wa wanawake wa zama zake au mfungwa mwenzao. Swali hilo ukimuuliza aliyekua na Vitimbi atashangaa.

Ajabu ni kwamba walioigiza ndoa walikuwa katika hali tofauti kabisa. Mume wa Lucy kwenye skrini, Mkuba Desi Arnaz, alikuwa mumewe wa kweli. Wakuu wa CBS walihofia kwamba watazamaji hawatamkubali Mmarekani mweupe aliyeolewa na mtu mwenye lafudhi ya Kikuba, na mwaka 1950 wawili hao wakazunguka na maonyesho ya jukwaani kuthibitisha kwamba watu watacheka. Waigizaji wa Mama Kayai na Mzee Ojwang hawakuoana, ila Wakenya wengi waliamini ni mke na mume. Lafudhi nayo ilikuwa kiungo cha ucheshi pande zote mbili. Kiingereza cha Ricky kilichekwa na Lucy peke yake, kwa haki ya mke. Kiswahili cha Ojwang chenye lafudhi ya Kijaluo kilitoka kinywani mwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Katika nchi ambayo kabila limeleta machozi mengi, huo haukuwa mchezo mdogo.

Kisha Lucy akapata mimba. Neno la Kiingereza la hali hiyo lilipigwa marufuku hewani, ikabidi isemwe tu kwamba "anatarajia". Miswada ilipelekwa kwa kasisi, mchungaji na rabi waikague. Msomaji wa Kiswahili asicheke sana, maana nasi kumtaja mtu kuwa "ana mimba" hutuwasha ulimi, tukakimbilia "mjamzito". Tarehe 19 Januari 1953 Lucy wa runingani akajifungua mwana, na siku hiyohiyo Lucille akajifungua kwa upasuaji mtoto wa kiume. Watazamaji walikuwa takriban milioni 44. Kesho yake Eisenhower aliapishwa kuwa rais, na watazamaji wake walikuwa wachache zaidi.

Lakini haya yote tungeyajua kwa kusimuliwa tu kama si uamuzi mmoja wa biashara. Wakati huo vipindi vingi vya Marekani vilirushwa mubashara kutoka New York, na majimbo ya mbali yakapata nakala hafifu zilizopigwa kutoka kwenye skrini. Lucille na Desi walitaka kubaki California. Wakaamua kurekodi kwa filamu halisi, kamera tatu kwa pamoja mbele ya hadhira, chini ya Karl Freund, mpiga picha aliyeshiriki kutengeneza Metropolis huko Ujerumani. Gharama ikapanda. Wao wakakubali kupunguziwa mshahara, kwa sharti kwamba filamu ziwe mali ya kampuni yao, Desilu. Vipindi 180 vikahifadhiwa, na biashara ya marudio ikapata msingi. Baada ya kuachana, Lucille alinunua hisa za Desi mwaka 1962 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza studio kubwa ya televisheni. Star Trek ilitengenezwa humo. Mwaka 1967 akaiuza kwa dola milioni 17.

Msanii wa Vitimbi alicheza katika kituo cha umma, na kanda zilikuwa za kituo. Simlaumu mtu, ndivyo televisheni nyingi za serikali zilivyoendeshwa Afrika. Ila matokeo yake ni kwamba kicheko kilikuwa cha taifa na mali haikuwa ya mchekeshaji. Ndiyo maana naona mrithi wa Lucy huku kwetu, kwa maana ya pochi, ni Anne Kansiime wa Kabale, Uganda, aliyepandisha video zake YouTube na kuwafikia watu bila kungoja mlango wa studio ufunguliwe. Kwa maana ya ulimi ni binti wa Mama Kayai mtupu.

Huko Celoron, karibu na Jamestown, waliwahi kumsimamishia Lucy sanamu mbaya mno, yenye meno ya kutisha, hadi watu wakalalamika na ikaletwa nyingine mwaka 2016. Mama Kayai simwombei sanamu. Namwombea orodha: kipindi gani, mwaka gani, nani alicheza, nani alishika kamera, nani aliandika kisa. Wanjau alituacha Julai 2015, akaondoka na kumbukumbu zake. Kama una mjomba au shangazi aliyewahi kufanya kazi katika studio za Vitimbi, nenda na daftari wiki hii, umuulize majina.